Kompyuta Imemkana Mama Yangu

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Usalama wa Taarifa,
Ofisini kwako.

Ndugu Mkuu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KOMPYUTA, NA OMBI LA KUFUTWA KWA MANENO YOTE YA SIRI KABLA YA JUMATANO

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umekaa. Mimi ni mzima isipokuwa hasira. Huenda hunikumbuki, lakini mimi nakukumbuka vizuri. Ulikuja kwenye ukumbi wa chama chetu cha mafundi cherehani kutupa semina ya usalama wa taarifa, umevaa suti ambayo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Siku ile sikusema kitu. Nilinyamaza kwa heshima, nikakusikiliza hadi mwisho. Leo nakuomba na wewe unisikilize.

Kazi yangu ni kushona nguo za kike. Zamani vipimo vya wateja niliviandika kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani juu ya cherehani. Tatizo ni kwamba mteja anayesubiri hukosa la kufanya, na asiye na la kufanya husoma ukuta. Mke wa kinyozi alisoma nyonga za mke wa mwenye bucha, akaenda kuzitangaza sokoni, na mpaka leo wale wawili wakikutana njiani mmoja huvuka barabara. Kiuno cha mtu ni siri yake, Ndugu Mkuu. Ndiyo maana nilinunua kompyuta, nikahamishia vipimo vyote kwenye ghala la mtandaoni, nikalifunga kwa neno la siri kama ulivyotufundisha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la Mkuu nililisikia, na guu limevunjika vilevile.

Hali sasa ni hii. Jumamosi binti wa mdogo wangu anaolewa, na gauni nimeahidi kulishona mimi, mama yake mkubwa. Kitambaa kipo mezani, cheupe, nimeshakipiga pasi, mkasi uko juu yake. Siwezi kukata. Vipimo vya bibi harusi vimo ndani ya kompyuta, na kompyuta haitaki kunifungulia. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usije ukasema nimeropoka.

1. Mfumo endeshi umejisasisha bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeketi mbele yake, nimeshika chaki, mara skrini ikageuka rangi ikaandika: Tunasasisha, usizime kompyuta. Hakuna aliyeniuliza. Hata mgeni wa kulala huuliza atalala wapi kabla ya kuvua viatu. Nikatii. Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, wateja wakaingia wakanikuta nimekaa kimya nakitazama, nao wakaanza kunong'ona kama waliokuja kutoa pole. Mmoja akauliza marehemu ni nani. Ilipoamka ilikuwa na sura mpya, vitufe vimehamishwa, na nyuma yake picha ya ziwa nisilolijua. Halafu ikaniandikia: Karibu! Tuanze kufahamiana. Ndugu Mkuu, kompyuta hii naipangusa vumbi kila asubuhi. Nimeishonea kifuniko chenye lesi. Tuanze kufahamiana?

2. Kivinjari kinasahau kinachotakiwa na kukumbuka kisichotakiwa. Nilikuwa nikikifungua tu, kinanipeleka moja kwa moja kwenye vipimo vyangu. Baada ya huko kujisasisha, kikasema hakinijui, nijitambulishe. Lakini siku moja, moja tu katika maisha yangu, niliwahi kutafuta humo dawa ya mume anayekoroma. Hilo hakikulisahau. Mpaka leo nikiwa namwonyesha mteja mitindo ya mikono, pembeni hutokea picha ya bwana amelala kinywa wazi, na maandishi makubwa: Bado anakunyima usingizi? Mtaa mzima sasa unajua mume wangu anakoroma. Mwenyewe amenuna, na akinuna hukoroma zaidi.

3. Kila ukurasa unataka nikubali jambo fulani. Nimekubali. Nimekubali vidakuzi, nimekubali masharti, nimekubali sera. Nimekubali mambo mengi kwenye kompyuta hii kuliko niliyoyakubali siku ya ndoa yangu, na siku ile angalau watu walipiga vigelegele.

4. Kompyuta inanituhumu kuwa roboti. Yaani mashine inaniuliza mimi kama mimi ni mashine! Ili kujitetea natakiwa kuchagua vipande vya picha vyenye baiskeli. Nikavichagua vyote, pamoja na kile ambacho ukingo wa gurudumu umechungulia kidogo tu. Ikasema nimekosea. Kwetu sisi mafundi, pindo ni sehemu ya gauni na kola ni sehemu ya shati. Mtu asiyehesabu ukingo wa gurudumu kuwa baiskeli nisingempa hata kifungo ashone. Nikarudia. Safari hii ikaniletea ngazi, kisha madaraja, kisha ikanikubali kwa shingo upande.

5. Hili ndilo linaloniuma. Neno la siri nimelisahau. Nalisema bila aibu, kwa kuwa ulituamuru tusiliandike popote, nami sikuliandika popote, hata kichwani. Kompyuta ikasema si kitu, nijibu tu maswali ya usalama niliyoyajibu nilipojiandikisha. Swali la kwanza: mama yako mzazi anaitwa nani?

Hapa, Ndugu Mkuu, naomba usimame kidogo ukumbuke maneno yako mwenyewe. Ulipanda jukwaani, ukanyoosha kidole, ukatuambia tusimtajie mtu yeyote jina la mama mzazi, hata akiuliza kwa upole namna gani, kwa kuwa matapeli wote huanzia hapo. Tuliandika. Basi siku nilipojiandikisha, kompyuta ikaniuliza jina la mama yangu. Tena kwa upole! Nikasema moyoni, umekwisha, tapeli wewe. Nikaitungia jina. Ikauliza nimezaliwa mji gani, nikaipeleka mji ambao sijawahi kuukanyaga. Ikauliza mwalimu wangu wa kwanza, nikaipa jina la mtu ambaye nadhani hayupo duniani. Niliona fahari. Mafundi wenzangu wote waliohudhuria semina walifanya hivyohivyo, unaweza kuwauliza, ingawa nakutahadharisha kwamba hawatakujibu ukweli.

Sasa nimeusahau uongo wangu. Ukweli haupotei, uko palepale ulipouacha, lakini uongo ukiuweka mahali huukuti tena, wala humkuti aliyekusaidia kuubeba. Fundi kompyuta wa mtaani kwetu, tunayemwita Zima-Washa kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa, alikuja akazima, akawasha, akanywa chai, akanishauri nijaribu ukweli. Nikaandika jina la mama yangu, herufi moja moja, kwa mikono iliyomwosha siku ya mwisho. Kompyuta ikajibu: Si sahihi.

Niliumia, Ndugu Mkuu. Sitakuficha. Mwanamke yule alinizaa, akanilea, akanifundisha kutunga uzi kwenye sindano kabla sijajua kusoma, na leo chombo cha plastiki kinaniambia si yeye.

6. Ugomvi umeingia ukoo. Mdogo wangu, mama wa bibi harusi, alipata habari kwamba nimeiandikia kompyuta mama mwingine. Amesusa. Anasema kama nimebadilisha mama, basi nimwambie yeye ni nani yangu. Nikamweleza ni mambo ya usalama. Akasema usalama gani wa kumkana marehemu. Ukifuata hesabu yake, mimi si dada yake, na kama si dada yake basi bibi harusi si mwanangu, na kama si mwanangu basi natia mkasi kwenye kitambaa cha watu nisiowajua. Yote haya kwa sababu ya kompyuta kujisasisha.

Najua utauliza kwa nini nisimpime upya bibi harusi. Swali zuri. Bibi harusi anafanya kazi mji wa mbali, na huko anaishi chumba kimoja na wifi yake mtarajiwa, dada mkubwa wa bwana harusi. Huyu dada tunamwita Bi Kwani, kwa kuwa hajawahi kuingia mahali bila kuuliza kwani kuna nini. Nilimpigia bibi harusi simu nimuulize kiuno. Akanijibu kwa sauti ya juu, sauti ya mtu anayesikilizwa, kwamba kiuno ni kilekile tu, mama mkubwa. Kumwandikia ujumbe siwezi, maana Bi Kwani husoma simu ya mwenzake kama gazeti la kwa kinyozi.

Nami najua kiuno si kilekile. Alipokuja likizo nilimpima mara ya pili kwa mikono yangu, na futi kamba ikakataa kukutana pale ilipokuwa ikikutana. Nikavitia vipimo vipya kwenye kompyuta haraka haraka, bila kuvitazama sana, nikijua vimekaa pahali salama. Sababu ya futi kukataa si ya kuandikwa kwenye barua ya kiofisi. Bwana harusi anaijua, kwa kuwa inamhusu. Mwenye macho haambiwi tazama. Nakueleza tu kwamba nikikata kwa kipimo cha zamani, zipu haitafunga, na itagoma kufunga mbele ya wakwe, na Bi Kwani atakuwa amekaa mstari wa mbele. Binti yule hana mtu mwingine wa kumsitiri ila mimi na uzi wangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini utaona ni madogo.

Mosi, uiandikie kompyuta yangu barua ya utambulisho, yenye muhuri wa ofisi, kuithibitishia kwamba mimi ni mimi. Barua nitaibandika kwenye skrini.

Pili, endapo kompyuta haisomi barua, ufute maneno ya siri kwenye kompyuta zote, za watu wote, kabla ya Jumatano. Nimefikiri sana kuhusu hili. Kufuli humzuia nani? Mwenye mali aliyepoteza ufunguo. Sisi mtaani kwetu ni watu wa kuaminiana, milango iko wazi, mtu akiingia dukani kwangu nikiwa nyuma hukaa akanisubiri. Hakuna mtu hapa wa kukaa kwenye kompyuta ya mwenzake akachungulia yasiyomhusu. Hayo mambo ya wezi wa taarifa mmeyaleta ninyi wa semina.

Tatu, baada ya kufuli kuondolewa, taarifa zote za wananchi zikabidhiwe kwa mafundi cherehani. Fikiria mwenyewe. Tunajua nani amenenepa, nani amekonda kwa mawazo, nani amepunguza gauni la mwenzake akasema ni lake jipya. Umewahi kusikia tumesema? Hatujisasishi, hatuulizi baiskeli, na tukimwona mtu tunamtambua hata akiwa amegeuka mgongo. Kazi hii tutaifanya bila kudai mshahara, mradi mtuletee nguo zenu mshonewe vizuri. Ukianza na ile suti, nitafurahi.

Nasubiri jibu lako kwa haraka inayolingana na Jumamosi. Wasalimie wote hapo ofisini, msalimie yule dada aliyekushikia kipaza sauti, mlinzi wa getini, na mkeo, ambaye naomba umwulize kwa niaba yangu alikuachaje ukatoka nyumbani na mkono ule. Mume wangu anakusalimu, ingawa kwa sasa hasemi na mtu. Zima-Washa anasema ujaribu kuzima na kuwasha.

Ni mimi, niliye mimi hata kama sijathibitishwa,

Fundi cherehani, duka la pazia la kijani, mkabala na kinyozi.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Bibi harusi na Bi Kwani wamewasili leo asubuhi, mapema kuliko tulivyowatazamia. Bi Kwani akaona kitambaa hakijakatwa, akauliza kwani kuna nini. Nami kwa ujinga wangu nikamweleza kwamba kompyuta imenifungia vipimo. Akasema nimwachie yeye, kazini kwao ndiye anayewafungulia wenzake. Nikaingia chumba cha nyuma kutafuta bitana. Niliporudi nikasikia sauti, nikasimama nyuma ya pazia. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, simu ameibana begani, anamwambia mtu wa kwao: "Subiri kwanza, humu kuna kitu. Mtu hafichi kiuno bure."

Jina la mama yangu analijua. Alimpigia mdogo wangu, na mdogo wangu kwa kuninunia akamtajia. Mji niliozaliwa anaujua, na mwalimu wangu wa kwanza pia, sijui kampata wapi. Alijibu ukweli mtupu, na kompyuta yangu, Mungu aiweke, ikamwambia si sahihi, si sahihi, si sahihi. Halafu ikamuuliza kama yeye ni roboti. Kikulacho ki nguoni mwako, Ndugu Mkuu, lakini safari hii nguo ilikuwa na zipu.

Basi maombi yangu yote hapo juu nayafuta. Usiondoe kufuli hata moja. Ikiwezekana ongeza maswali, nami naahidi kuyajibu yote kwa uongo. Bibi harusi nimempima upya, sisi wawili tu, chumba cha nyuma, kitasa kimefungwa. Alilia, nikamkumbatia, kisha nikamsogeza mbali na kitambaa. Vipimo sikuviandika popote. Gauni nimelikata lenye nafasi ya watu wawili, na hilo mimi sikukwambia.