Kijana wa Miaka Hamsini na Nane

Jumatatu, 2 Februari 2026
Nshamba. Jicho la kulia limezidi ukungu, la kushoto linafuata. Leo nimechuma kahawa mbichi kikapu kizima nikidhani imeiva. Mke wangu Jovita anasema tukate bima ya serikali, inapokea wazee, nikapasuliwe mtoto wa jicho. Serikali! Nipange foleni na jirani Ildefons? Nataka bima ya kampuni: chumba cha peke yangu Bukoba, muuguzi ananiletea uji, ziwa dirishani. Nimekaa barazani nikitafuna akamwani, buni zetu zilizokaushwa, nikasinzia. Mapazia ya chumba changu cha Bukoba ni ya bluu.

Jumatano, 4 Februari
Renatha, wakala wa kampuni, anasema hawaandikishi waliovuka sitini. Nina sitini na tisa. Nikasema hamsini na nane. Akataka kitambulisho. Nikasema kimeliwa na mchwa. Akasema ni cha plastiki. Nikasema mchwa wa Nshamba hawachagui. Basi atakuja kuuliza majirani. Nimepaka nywele rangi. Jovita ameniuliza namtafuta nani.

Ijumaa, 6 Februari
Renatha kaja. Nimetembea kwa kurukaruka mpaka kwenye migomba. Mara Ildefons huyo! Ana sitini na tatu; mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli. Renatha akamwamkia kwa heshima, kisha akanigeukia, anasubiri na mimi nimwamkie mkubwa wangu. Jamani!

“Shikamoo,” nikasema.

Ildefons hakuwa na haraka.

“Marahaba, mwanangu.”

Nimepita!

Jumapili, 8 Februari
Baada ya misa Ildefons kanituma kiti, mbele ya watu. Renatha alikuwepo. Nikakileta. Wote wamecheka isipokuwa Jovita.

“Baba Audax,” kaniambia njiani, “mimi nataka tu uwe unaniona.”

Roho imeniuma.

Jumatatu, 16 Februari
Kampuni imenikubali! Ila jicho halimo. Wanasema mtoto wa jicho kwa mtu wa umri wangu si kawaida, nisubiri miaka miwili.

Ijumaa, 27 Machi
Kumbe Jovita alishatuandikisha serikalini. Nimepasuliwa Bukoba, wodi ya watu wanane, kila mmoja na ndoto yake. Leo bandeji imetolewa. Nimemwona mke wangu. Mzuri! Nimemwambia, akainama.

Daktari anataka kupasua jicho la kushoto wiki ijayo. Nimekataa. Hilo ni la kampuni. Miaka miwili si mingi, nitakuwa na sitini tu.