Kitanda Kisichofunguka

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nyumba imekwisha. Bati jekundu, vigae, mlango wa mbele wenye mbawa mbili. Chumbani hamna kitu. Nalala juu ya mkeka, katika baridi hii ya Masama, kama mfungwa aliyejijengea gereza.

Mke wangu Aikaeli kapiga simu kutoka Dodoma, anakokaa kwa binti yetu Elifuraha. Watakuja Jumamosi, mchungaji akija kubariki nyumba. Kasema wazi: kule kwenye mashamba ya miwa nilikofanya kazi, maisha yote tumelalia vitanda vya kiwanda, vyenye namba nyeupe ubavuni. Kila uhamisho karani alivihesabu, sisi tumesimama kando. Sasa anataka kitanda chake, imara. Akikikuta, atabaki mlimani. Asipokikuta, Jumapili anarudi Dodoma na mimi nibaki na vigae vyangu.

Mpango: kuchagua kwa siri, mdogo wangu Sifael asije akanishauri. Sifael hajawahi kuishi nje ya kihamba, shamba letu la ukoo, kwa hiyo anajua kila kitu.

Jioni akaja Sifael. Alikwisha kusikia! Akanipa mbao za mringaringa, zimekaukia darini kwake. Nikamwambia mringaringa ni mti wa kuitilia kahawa kivuli, mimi silalii kivuli. Akasema kaka, umekuwa mgeni mpaka kwa miti. Nikamfungulia mlango, mbawa zote mbili.

Jumanne, 11 Juni

Moshi mjini. Duka la Digna, mwanamke mchangamfu, shikamoo mbili kabla sijakaa. Kitanda kinang'aa kama gari la harusi. Kina vioo na taa, na mahali pa kuchajia simu. Nikauliza kinadumu muda gani. Akasema baba, hicho ni cha kisasa. Nikauliza tena. Akasema baba, hicho ni cha kisasa kabisa.

Nimesoma kwamba samani hupimwa kwa mlio. Nikagonga. Kikalia kama debe. Mteja mmoja akasema mlio si kitu, nuse. Mwingine akasema kwaruza kwa ukucha, chini, pasipopakwa rangi. Nikanusa, nikakwaruza. Nikavuta droo. Mshikio ukatoka, ukabaki mkononi. Nikautia mfukoni. Sijui kwa nini. Digna akaniona. Akaniomba kwa heshima nyingi niurudishe, akauliza kama kuna kingine nimebeba.

Sijui lolote kuhusu mbao. Nimeishi miaka yote hii juu ya mbao.

Jumatano, 12 Juni

Nuru! Uzito. Uzito hausemi uongo. Chepesi hupeperuka, kizito hubaki.

Bomang'ombe, karakana ya fundi Ildefonce. Nikamwambia anionyeshe kitanda kizito kuliko vyote. Alikuwa na fremu ya mninga, sita kwa sita, ubao wa kichwani kama lango la kanisa. Nilijaribu kunyanyua pembe moja. Mgongo ukalia, fremu haikulia. Safi!

Akaonyesha pa kupitisha boliti, kifunguliwe kikisafirishwa. Nikakataa. Kinachofunguka ndicho kinacholegea, na kinacholegea ndicho kinachopiga kelele. Nikaagiza vigingi na gundi, kiungwe milele. Akauliza, mzee, kisifunguke? Kisifunguke. Hata kidogo? Hata kidogo. Akauliza upana wa mlango wangu. Nikamwambia mlango ni mlango. Akawatazama wenzake. Wivu wa mafundi.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya mateso. Kirikuu, kigari cha mizigo, kilikwama kwenye matope kabla ya mfongo, ule mfereji wa maji. Sifael akaita wanaume kutoka kilabuni. Walitaka pombe ya mbege kwanza. Mimi mjanja: nusu kwanza, nusu kikifika. Wakakibeba kitanda migombani wakiimba nyimbo za msiba. Nikauliza kwa nini za msiba. Wakaniita Mangi, kama chifu, wakasema uzito ndio uleule.

Mlango wa mbele: kikapita! Sebule: kikapita! Korido ya kwenda chumbani ina kona. Tukakisimamisha, tukakilaza ubavu, tukakipindua miguu juu. Kona haikutaka. Sifael akashauri tukate miguu. Nikakataa. Akashauri tuvunje ukuta. Nikakataa. Akashauri Aikaeli alale kwenye kona. Wale wanaume wakacheka, wakamaliza nusu yao ya pili, wakaenda. Kitanda kimebaki sebuleni; makochi tuliyoyatoa kukipisha yako nje barazani, yanapigwa na ukungu.

Mpango mpya: nitakitandika vitenge na mito. Nikiulizwa, ni kochi. Kubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Kwaya nzima ilikuja. Mama Beatrice, mwenyekiti wa akina mama, akakaa kwenye kochi langu, kisha wenzake wote, pande zote nne, kama abiria juu ya lori. Kitanda hakikulia! Mchungaji akabariki jiko, akabariki stoo, akaingia chumbani, akakuta kuta nne. Akauliza hapa tunaombea nini hasa. Mzee mmoja wa kanisa akasema, subira.

Aikaeli akaingia na Elifuraha. Sifael, shetani yule, akainua kitenge. Karibu kitandani, shemeji! Kwaya ikaangua kicheko. Mchungaji akakohoa.

Aikaeli hakucheka. Akawaomba akina mama washuke. Akainama, akapitisha kiganja chini ya mbao, polepole. Akakaa. Akatikisa. Mbao hazikulia. Akauliza, Baba Elifuraha, wageni watakaa wapi? Nikasema wageni huja mchana. Akatoka nje. Nikajua: Dodoma.

Akarudi na sanduku lake. Akalisukuma chini ya kitanda, mpaka ukutani.

Jumapili, 16 Juni

Elifuraha karudi Dodoma peke yake. Aikaeli kaamuru: sebule sasa ni chumba, chumba ndiyo sebule. Makochi yamepita kwenye kona bila shida. Wageni wa baada ya ibada wamepita kando ya kitanda mmoja mmoja, wakitupa pole kama wagonjwa. Aikaeli kasema amelala vizuri, ila ameolewa na mtu wa ajabu. Sielewi ipi ni sifa.

Lakini matokeo yanaonekana. Siri ilikuwa uzito, nami niliigundua mwenyewe. Kesho asubuhi naenda kwa Ildefonce kuagiza kabati la nguo: mninga, liguse dari, lisifunguke. Akiuliza tena habari za mlango, nitamwonea huruma.