Maneno Arobaini Ndani ya Kofia

Jumapili, 2 Novemba
Balaa! Meneja wa hoteli yetu hapa Maskati katangaza kuwa Alhamisi anakuja mtahini wa Kiingereza. Sote wa mapokezi tutapimwa namna tunavyowaeleza wageni hisia na maoni yetu. Atakayeshindwa anashushwa stoo ya mashuka, huko chini, pasipo hata dirisha. Mimi nina miaka tisa kwenye meza hii! Shangazi Mahbuba, aliyenilea, ameshawatangazia jamaa zetu wote kuwa hoteli haiendi bila Sinan. Na kwa Kiingereza nina hisia tatu tu: nzuri, mbaya, na hakuna shida. Khattab, jirani yangu wa meza, leo kamshukuru mleta chai kwa Kiingereza kirefu mpaka chai ikapoa. Naogopa. Naandika humu kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimemwendea Dada Nakabugo, Mganda anayefanya kazi kwa shangazi. Kwao Masaka alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Kanieleza kuwa maneno ya hisia yana wenzi wake, hayaozeshwi ovyo. Nyeusi ni tii, nyeupe ni pe. Ukisema nyeusi pe utachekwa. Basi Mwingereza aliyevunjwa moyo ni “bitterly disappointed”, kwa uchungu. Akiomba radhi ya dhati ni “deeply sorry”, kwa kina. Safi kabisa! Akashauri tujifunze manne kwa siku, kila moja kwa jambo nililowahi kulihisi mwenyewe. Nikamwambia sina nafasi ya kuhisi, aniandikie arobaini. Akaguna. Akaandika.

Jumanne, 4 Novemba
Majaribio. Bibi mmoja wa Kiingereza kafika bila sanduku, limepotelea safarini. Nikamtazama kwa huruma zote, nikamwambia mimi ni “absolutely delighted”. Yaani nimefurahi kupindukia. Kapanda juu bila kuchukua ufunguo. Khattab kacheka hadi kafuta machozi kwa karatasi zangu. Siku mbovu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepata dawa! Yote arobaini nimeyaandika ndani ya kofia yangu, kwa wino, mzunguko juu ya mzunguko. Kesho nitajifanya joto limenizidi, niivue, niiweke mapajani, nisome. Nakabugo kauliza kama si rahisi zaidi kuyajua tu. Walimu hawaoni mbali.

Alhamisi, 6 Novemba
Saa moja asubuhi, ujumbe wa meneja: wakurugenzi watahudhuria, Waomani wote wavae vilemba! Hata sijakaa sawa, shangazi kashanishika, ananizungushia kilemba juu ya kofia. Akasema, “Nnakufunga barabara leo, mwanangu, usije ukatutia aibu.” Kakaza mpaka nyusi zikapanda. Na nani atavua kilemba mbele ya wakurugenzi? Maneno arobaini yamekaa juu ya ubongo wangu, hata moja haliteremki.

Khattab katoka anang'aa, kayamaliza yake yote. Zamu yangu. Mtahini, Bi Alaa, akajifanya mgeni: mwanawe ana homa kali, na yeye mama yuko peke yake, Maskati haijui. Nikakipapasa kilemba. Nikaanza kuyawaza mashuka. Kisha nikamkumbuka shangazi alipolazwa mwaka jana, na mimi ukumbini mwa hospitali, sijui nikae au nisimame. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwambia pole, mimi pia niliwahi kuogopa hivyo, kaa hapa, namwita daktari, sikuachi mpaka afike. Akaandika. Wakurugenzi wakatazamana.

Nimefaulu! Bi Alaa kasema katika wote ni mimi tu niliyemfanya asahau kuwa ni mtihani. Khattab naye kapona, ila kaambiwa apunguze maneno. Nikaingia garini, nikalegeza kilemba, nikalia kidogo. Sijawahi kufarijika namna hii. Shangazi kapika biriani, kawapigia simu jamaa wote.

Jumamosi, 8 Novemba
Meneja kapiga simu. Jumatano tunapokea wageni mia mbili wa mkutano, na mimi ndiye nitakayewakaribisha kwa Kiingereza. Maneno machache tu, eti vilevile kama Alhamisi. Vilevile! Bahati ile haiji mara mbili. Nimemwomba Nakabugo maneno themanini. Kauliza kama sikusikia alichosema Bi Alaa. Nilisikia vizuri sana, alinisifu. Kosa langu lilikuwa kofia tu. Safari hii naandika kwa wino uleule kwenye viganja, vyote viwili, tuone nani atavifunga kilemba. Meneja kashanipangia na mahali pa kusimama: mlangoni, nimpe mkono kila mgeni anayeingia, halafu nipande jukwaani.