Mbegu za Mama kwenye Benchi la Juu

Jumapili, 5 Februari
Theluji tena. Mume wangu Jarkko yuko kazini mgodini kaskazini mpaka mwisho wa mwezi. Nafuma soksi ya Lumi, ile ile ya tangu Krismasi. Wanasema hii ndiyo raha ya majira ya baridi: kufuma, kuwasha mishumaa, kuota bustani. Mtoto mchanga kanitapikia uzi.

Lumi kauliza nyanya za bibi yake zitapandwa lini. Nimemwambia jua likifika kwenye meza ya jikoni, mwezi wa tatu. Mama alifanya hivyo kila mwaka. Tulimzika Oktoba. Kaacha mbegu chache zilizokaukia kwenye karatasi ya jikoni. Zikiharibika, basi, hakuna nyingine.

Halafu nikatazama ng'ambo ya ua. Dirishani kwa jirani yetu Irmeli miche imeshasimama, ina majani. Februari! Ana taa maalumu, bila shaka anataka tuione. Mwezi wa tatu ni mbali mno.

Jumanne, 7 Februari
Dirisha letu linapitisha baridi, mbegu haioti hapo. Ila nimepata akili. Leo ilikuwa zamu yetu ya sauna ya jengo, chumba cha kuoga mvuke. Jumatano haina mtu. Irmeli huingia Alhamisi jioni. Benchi la juu hubaki na uvuguvugu muda mrefu.

Nimepanda zote kwenye trei. Nusunusu siipendi. Nimeificha huko juu nyuma ya ndoo, nitaitoa Alhamisi asubuhi. Lumi kaapa hatasema. Kwenye ngazi akamsimulia mwenye mbwa wa ghorofa ya kwanza.

Alhamisi, 9 Februari
Mtoto ana homa. Usiku kucha begani. Asubuhi nepi, uji, dawa, uji ukutani. Jioni nikasinzia na soksi mkononi.

Kengele ikaniamsha. Irmeli mlangoni, taulo kichwani, uso mwekundu, trei mikononi. Udongo unafuka. Kaniuliza kama siku hizi tunakula bustani ikiwa imechemshwa. Kasema amekaa anamwagia mawe maji, anasikia harufu ya shamba, akadhani ni yeye anayeanza kuoza.

Nilikuwa na majibu makali. Nikasema tu kwamba zilikuwa mbegu za mama. Akaweka trei chini taratibu, akaenda zake.

Ijumaa, 10 Februari
Nimechambua udongo kwa sindano ya kufumia. Mbegu zimelainika, ukizigusa zinapondeka. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia Lumi asisikie. Kasikia. Kapenyeza soksi chini ya mlango, nijifute.

Jumapili, 19 Februari
Irmeli kaja na mche ndani ya kopo la mtindi. Kagoma kuingia, eti viatu vina theluji. Kasema mama alimpa mbegu miaka mitatu iliyopita, wakianika nguo uani. Miche yote ile dirishani kwake ni nyanya za mama. Na mimi nimeinunia wiki mbili nzima.

Kanishika mkono, akasema, “Sikiliza, binti. Weka dirishani, mwagia kidogo, kisha shika soksi yako. Usibuni kitu.”

Nimemwahidi. Nimemwahidi kweli. Lumi kaubatiza mche jina la Bibi. Nimekataa. Kaniangalia. Nimekubali.

Jumanne, 21 Februari
Bibi kalegea. Jani moja limegeuka njano. Ng'ambo ya ua ile mingine imesimama wima kama askari. Lumi kauliza kama Bibi anakufa tena. Nimemwambia haondoki mtu humu ndani, akapige mswaki.

Lakini amelala na kopo mbele ya macho yake, na dirisha hili ni barafu tupu.

Leo ilikuwa zamu yetu ya sauna. Kesho haina mtu. Safari hii nimeuweka benchi la chini, si la juu. Makosa yale siyarudii. Wala sitasahau. Nimejiandikia kwa wino kiganjani, herufi kubwa: TOA BIBI ALHAMISI ASUBUHI.

Sasa ngoja nikaoshe vyombo.