Ombi la Kufutwa Ukoo Mpaka Likizo Iishe

Miles City, Montana
Jumanne, mwezi wa nane

Kwa Shangazi Ardis Haugstad,
Mwenyekiti wa Mikutano ya Ukoo

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Niliahidi kuandika tukifika kituo cha kwanza, lakini kila nikishika kalamu kuna mtu wa ukoo wako ananishikisha sahani. Leo tuko kwenye kambi ya magari ambako hatumjui mtu. Linnea na mdogo wake Anders wamelala usingizi wa mchana, na mimi nina mikono miwili mitupu.

Unajua kwamba tangu Anders azaliwe, Soren wetu anafanya zamu ya usiku kiwandani. Linnea ana miaka minne na anamfahamu baba yake kama mtu anayelala. Ndiyo maana tulinunua hili gari-nyumba kuukuu, lenye vitanda, jiko na harufu ya mbwa wa mwenye gari wa kwanza. Tulitaka twende mpaka milimani, sisi wanne peke yetu, watoto wamwone baba yao mchana. Mimi mwenyewe nimezaliwa Minnesota kwenye tambarare, mlima sijawahi kuuona. Likizo ni wiki mbili. Ya kwanza imeliwa yote na ndugu zako.

Kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yangu.

1. Kuhusu kulala. Ulimpigia simu kila Haugstad aliye njiani kabla hatujawasha gari, na kila tulikofika tulikatazwa kulala garini mwetu. Kule Fergus Falls, Mama Mkubwa Arlys alituzibia njia, mito miwili ya kulalia kwapani: "Mlale nje kama watu wasio na kwao? Majirani watasema nini?" Tukalala ndani, chumba cha cherehani. Aliyelala garini ni mumewe, kaka yako Verlyn, eti anajaribu tu. Asubuhi akatusifia godoro, eti limemponya mgongo. Sisi wenye godoro tulikuwa bado hatujalitoa nailoni upande wa pili.

2. Kuhusu kuegesha. Kwa binamu Gaylen, Valley City, wanaume watatu walijitokeza kumwongoza Soren arudi nyuma. "Njoo! Njoo! Nafasi bado tele!" "We, simama!" "Usimsikilize huyo, haoni vizuri, njoo!" Soren amelelewa kuwatii wakubwa, akawatii wote watatu. Sanduku la barua la Gaylen limelala chini, na taa yetu ya nyuma pia. Baada ya kikao kirefu walikubaliana kwamba kosa ni la sanduku.

3. Kuhusu mamumunye. Naelewa ni mwezi wa nane na bustani zimefurika. Kumpa mtu mamumunye ni ukarimu. Kuyaficha chini ya kiti cha mtoto baada ya mama yake kusema hapana, asante, ni jambo la polisi.

4. Kuhusu kuagana, na hapa ndipo penye shina la yote. Soren anapiga mapaja kwa viganja, anasema, "Haya basi." Nilipoolewa nilidhani maana yake ni kwamba tunaondoka. Kumbe ni kengele ya kuanza. Tunaagana kwanza kwenye viti. Tunaagana mlangoni, ambapo hutolewa habari za wagonjwa. Tunaagana ngazini, ambapo hukumbukwa kwamba keki haijaliwa, basi tunarudi ndani tukale keki. Kisha garini, mlango wazi, taa ya ndani inawaka, na habari za soya za mwaka huu. Kisha dirishani, na mtu anatembea sambamba na gari mpaka barabarani akiwa ameshika kioo.

Kwa binamu yako Orpha, Jamestown, tuliagana mpaka betri ikafa. Kwa kuwa betri ilikufa, tukalala. Kwa kuwa tulilala, ikabidi tuagane upya, mlango wazi, taa inawaka. Nimelifikiria jambo hili nikinyonyesha, Shangazi, na sioni nini kingetuzuia kuzeekea Jamestown.

Sasa sikiliza. Nimechunguza nikaona watu baki hawaagwi hivi. Fundi aliyekuja kutuwashia gari alisema, "Safari njema," akageuka akaenda zake. Nilitamani kumkumbatia. Kwa hiyo dawa ni moja: naomba rasmi kwamba Soren Haugstad, mkewe na watoto wao wafutwe ukoo hadi likizo iishe. Majina yetu uyakate kwa penseli tu, yasisumbue kurudi. Katika muda huo, tukionekana mbele ya nyumba ya Haugstad yeyote, tuhesabiwe kuwa wauza mifagio. Ukikataa, nitaomba talaka ya wiki moja, na Soren atanichumbia tena kule milimani kama kijana asiye na ndugu.

Simchukii mtu. Lakini nimesema, na sirudi nyuma.

Msalimie kaka yako Verlyn na mgongo wake, Mama Mkubwa Arlys, Gaylen na sanduku lake jipya, Orpha, na yeyote atakayekuwa jikoni kwako ukiisoma barua hii kwa sauti, maana najua utaisoma kwa sauti.

Wako, kwa upendo usiopungua ila unaoomba nafasi,
Marit, mke wa Soren

Nyongeza. Jumatano. Bahasha sijaifunga bado. Leo asubuhi tumeondoka kambini kama nilivyokuwa naota: Soren kawasha gari, tumekwenda. Hakuna aliyeshika kioo. Linnea aliipungia mkono nguzo ya umeme kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, na nguzo ikaanza kuinama kutufuata, maana waya unaoleta umeme garini ulikuwa bado umechomekwa kwake. Waya umekatika. Viatu vya Soren vimebaki kando ya moto, kigari cha kumsukumia Anders chini ya mti, na tumegundua tukiwa mbali mno. Kumbe kwenu, katika kule kuagana kwa tatu, pale ngazini, daima kuna mtu huinama kwenye nyasi na kuuliza, "Hiki si chenu?" Wiki nzima hatukupoteza hata soksi, nikadhani ni akili yangu.

Halafu mchana, milima. Soren alisimama kando ya barabara, miguu peku, Anders begani. Linnea akamwuliza, "Baba, na usiku ukienda kazini milima inakaa hapa hapa?" Akasema, "Inakaa, mama." Nikageuka nimwambie mtu, jamani njooni muwaone hawa. Palikuwa na ng'ombe tu.

Basi futa lalamiko la kwanza na la nne. La pili na la tatu nayasimamia. Turudishe ukoo leo hii, kisha tutumie: viatu vya kazi vya Soren, viko barazani kwetu nyuma ya ndoo, waya wa umeme wa nje, mrefu, kigari chochote cha mtoto, mradi magurudumu yote yanazunguka, na jina la Haugstad yeyote anayekaa karibu na milima, tuvipokelee kwake. Asiwe mtu wa haraka.