Kupe Kwapani

Jumapili, 24 Julai 1994. Malinya.
Leo nimefanya kazi safi. Jirani Erastus na mkewe Selpher walipokwenda kanisani, niliingia zizini kwao na kupe kumi na wanne ndani ya kiberiti, wote wa kumwachia fahali wake masikioni. Wiki mbili zijazo atapigana na Tingatinga wangu. Fahali aliyenyonywa damu hana nguvu ya shingo. Basi, mbwa wao akatokea! Nikarukia majani marefu ya nepia wanayolisha ng'ombe, nikalala humo nusu saa. Kiberiti kilifunguka mfukoni mwa shati. Kupe wote wamepotea. Wapi, sijui.

Jumatatu, 25 Julai.
Nimejua. Mmoja yuko kwapani, kichwa ndani, tako nje. Mke wangu Jescah ameona nikijikuna, akasema twende zahanati, Selpher ni nesi, atamtoa mara moja. Selpher! Aniulize kupe ametoka wapi, na ng'ombe wangu wanakwenda josho kila Alhamisi? Nimesema ni jipu.

Jumatano, 27 Julai.
Nimempaka mafuta ya kupikia ya Kimbo akose pumzi. Wapi! Nimeongeza mafuta ya taa. Kwapa limewaka moto, kupe ametulia kama mwenye shamba. Nadhani amenenepa.

Alhamisi, 28 Julai.
Nimemchoma kwa njiti ya kiberiti. Nywele za kwapa zimeshika moto. Jescah amezima kwa maji ya kuoshea vyombo, akaendelea kuosha. Kisha nikamfinya kupe kwa vidole, nikamzungusha kama skrubu. Ametoka! Ushindi! Kichwa kimebaki ndani, lakini kichwa bila mwili kitanifanya nini?

Jumanne, 2 Agosti.
Homa. Kichwa kinapasuka. Kwapa limevimba, katikati pana kidonda cheusi. Nilimpelekea Tingatinga majani, akanilamba mkono, nikakaa chini zizini nikashindwa kuinuka. Naogopa. Zimebaki siku nne. Yeye husikia sauti yangu tu. Mtu mwingine akimwongoza uwanjani atashangaashangaa, apigwe pembe. Na hapa kwetu fahali akishindwa, ni kisu.

Alhamisi, 4 Agosti.
Nilianguka njiani. Aliyeniokota ni nani? Erastus! Amenipakia kwenye baiskeli yake, akaisukuma mpaka zahanati huku jasho likimtoka, ili soko zima lione alivyo mwema. Selpher amesema, shemeji, kwa nini hukuja siku ya kwanza, hii ni homa ya kupe. Akanipa dawa. Halafu akaona kupe mwingine mgongoni. Alichukua kibano chenye ncha nyembamba, akamshika karibu kabisa na ngozi, akavuta polepole, moja kwa moja, bila kumfinya tumbo, bila kumzungusha. Ametoka mzima, miguu inacheza. Akaosha mahali pale kwa sabuni na maji, akamtia kupe kwenye kichupa, akaandika tarehe. Ni kazi ya dakika moja. Kisha akauliza kupe hawa nimewatoa wapi. Nikajifanya nimezimia.

Jumamosi, 6 Agosti.
Bado niko kitandani zahanati. Asubuhi nilisikia ngoma za isukuti kutoka uwanjani. Ndugu yangu Titus ndiye aliyemwongoza Tingatinga. Ngoma za upande wetu zilinyamaza mapema mno.

Mchana Jescah ameniletea obusuma, ugali wetu, na nyama. Homa imepungua, njaa imerudi. Nimekula yote, nimelamba bakuli. Nilipouliza nani kachinja, akaanza kulia. Tingatinga. Nilimlea tangu akiwa ndama, miaka sita. Nimelia kama mtoto mpaka Selpher akaja kunishika mkono. Jescah alisema ningekubali kwenda kwa nesi ile Jumatatu, ningekuwa uwanjani leo.

Jumanne, 9 Agosti.
Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Zizi la Tingatinga ni tupu, sijathubutu kulitazama. Jioni Erastus amekuja kunipa pole. Akasema ng'ombe wake ana mimba ya yule fahali wake aliyeshinda, na ndama atakayezaliwa ni wangu, nianze upya. Jescah akamshukuru huku akifuta machozi. Mimi nikatabasamu. Kejeli gani hii! Ananihurumia mbele ya mke wangu!

Lakini asubuhi kule zahanati, Selpher alipoinama kuandika kadi yangu, nilichukua kile kichupa mezani. Kupe bado anatembea. Ni mmoja tu, lakini Jumapili wataenda kanisani tena. Safari hii simtii mfukoni. Nitambeba kiganjani.