Mwamba Laini wa Kusini

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kituo chetu cha matetemeko anastaafu Ijumaa! Kiti atakipata atakayeeleza kwa nini ufa mkubwa wa ardhini unateleza kimyakimya kule kaskazini, ila huku kwetu kusini umekwama. Kiti ni changu. Au cha Bi Rula, mwenzangu anayepima kila kitu mara mbili. Mungu aepushe! Baada ya chakula cha mchana nilishuka chumba cha mitambo, nikatandika mkeka, nikawaza kilomita thelathini chini: mwamba wa moto, umelegea kama unga uliokandwa, unasogea polepole. Raha iliyoje.

Jumanne, 4 Machi
Maajabu! Mtambo umenasa mtikisiko laini, saa nane hadi saa tisa, jana na leo. Kumbe hata kusini kunateleza! Mwamba wa chini ni laini! Bi Rula anashikilia kuwa wa huku ni baridi na mgumu, ndiyo maana ufa umeng'ang'ana, na siku ukiachia utaachia kwa kishindo. Nimemwambia kigumu ni kichwa chake.

Jumatano, 5 Machi
Mama watoto kauliza mbona nautabasamia ukuta. Nikamwambia aanze kuzoea kuitwa mke wa Mkuu. Akasema ninywe chai, inapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao. Nilieleza vizuri mpaka nikajionea wivu. Bi Rula akauliza saa nane huwa niko wapi. Nikajibu kwa fahari: chini, kando ya mtambo, nimejilaza naisikiliza dunia. Mkuu akaniomba nikajilaze tena, wao watazame skrini. Wanasema nilikoroma. Nilipogeuka ubavu, mstari uliruka. Wamecheka hadi machozi. Nimeaibika, sina pa kuuweka uso.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kimekwenda kwa Bi Rula. Roho inaniuma. Amri yake ya kwanza: nikakague vipimo vya nje, mbali na mitambo. Nyuma ya kiwanda cha sabuni nikakuta maji yakibubujika ardhini. Ya moto! Nilivua viatu, nikaketi, miguu majini, nikahisi dunia nzima inalainika taratibu chini yangu. Si nilisema? Mlinzi ati bomba la boila limepasuka tangu juzi. Mlinzi anajua nini kuhusu miamba! Barua ya wizara nimeshaianza. Fundi wa bomba amefika, nimemsihi asiguse kitu mpaka wizara waisome.